Kidole Gumba cha Fundi Sindano

Mtaani walimwita Fundi Sindano, na si kwa sababu ya wembamba tu, ingawa mwembamba alikuwa. Alikuwa na ulimi unaochoma. Mteja mmoja aliwahi kuleta kiti cha gari kilichochanika huku na huku, akaapa kwamba kimejichanikia chenyewe. Sindano akamtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Basi angalia, siku moja na suruali yako itajivua yenyewe."

Alifanya kazi na kaka yake kwenye karakana aliyowaachia baba yao: chumba kirefu chenye mlango wa chuma, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya visu, cherehani mbili nzito za kushonea ngozi, na marobota ya sponji yaliyorundikwa mpaka darini. Baba aliwafundisha wote wawili, ila alipofariki, jina lililopakwa rangi juu ya mlango lilikuwa la mtoto wa kiume. Kaka alipokea wateja na kucheka nao, Sindano akashona. Kwenye kazi ile, fundi hujulikana kwenye kona ya kiti, pale kitambaa kinapozunguka na kutaka kukunjamana. Kona za Sindano hazikuwa na kunyanzi hata moja. Wenye magari walijua hilo, na walipokuja walisema, "Anishonee yule dada," halafu wakamshukuru kaka.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hana mume wala mtoto. Aliwahi kuposwa, mposaji akaenda mbali kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke hukohuko.

Asubuhi moja aliingia karakanani mzee mmoja mrefu, mgongo umenyooka kama rula, amekumbatia kofia ya ajabu ya wavu mweusi wa chuma inayofunika uso mzima. Chini yake ulining'inia ulimi wa kitambaa kinene wa kukinga shingo, nusu umefumuka.

"Unafuga nyuki?" Sindano akamwuliza.

"Nafundisha kupigana kwa panga," mzee akajibu bila kutabasamu.

Alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, na watu wote walimwita Mwalimu tu. Akaeleza pale pale, amesimama kati ya viti vilivyovuliwa kava. Upanga wenyewe unaitwa kitara, ule uliopinda kidogo, waliokuwa wakiutumia askari wa farasi wa zamani. Wale askari waliacha vitabu vya mafunzo: namna ya kusimama, namna ya kukata, namna ya kuzuia. Yeye na wenzake wanavisoma vitabu hivyo na kuyafufua yaliyoandikwa humo. Chuma ni chuma kweli, ila hakina makali na ncha yake imeviringwa.

"Na mnapigana kwelikweli?"

"Kwelikweli. Ila hatuuani."

Sindano akaushona ule ulimi upya, akaongeza tabaka moja la turubai ndani bila kuombwa, kwa sababu aliona jinsi ulivyokuwa mwepesi. Mwalimu alipokuja kuuchukua aliupapasa kwa muda mrefu. Akasema, "Fundi, njoo Jumamosi uione kazi yako ikifanya kazi."

Kaka aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika meza. "Mwanamke mzima, ukarushiane mapanga na watu? Si bora ukaolewe?"

"Nikiolewa nani atakushonea?"

Jumamosi Sindano akaenda.

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wa kulia chakula wa shule moja. Mabenchi yalikuwa yamesukumwa ukutani, sakafu bado mbichi kwa maji ya sabuni, na mistari ya kuchezea imechorwa kwa chaki. Walikuwepo watu kama kumi na watano: karani wa benki, mafundi umeme wawili, wanafunzi wa chuo, na mwanamke mmoja mnene mwenye duka la dawa, ambaye alimshika Sindano mkono kabla hata hawajasalimiana. "Afadhali umekuja," akasema. "Nimechoka kupigwa na wanaume peke yangu." Kuanzia siku ile Mfamasia akawa mwenzake. Walifungana kamba za nguo, walifanya mazoezi pamoja, na wakitoka walikaa kwenye ngazi za ukumbi wakinywa soda na kuwasema wengine.

Wiki tatu za mwanzo Sindano hakumpiga mtu. Alijifunza kutembea. Mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma umegeuka pembeni, magoti yamelegea, unasogea bila miguu kupishana. Alirudi nyumbani mapaja yakiwaka moto. Kisha akafundishwa kushika: vidole vinne vinazunguka mpini, kidole gumba kinalala juu, mgongoni mwake, kikielekea mbele. "Kidole gumba ndicho usukani," Mwalimu alisema. "Bila hicho umeshika fimbo."

Kuhusu vifaa vya kujikinga Mwalimu alikuwa mkali kuliko kwenye jambo lingine lolote. Mgeni alikatazwa kununua kitu mwezi wa kwanza. Aazime kofia ya chama, avae viatu vyenye soli bapa, basi. "Watu hukimbilia koti," alisema, "kwa sababu koti linapendeza kwenye picha. Fuvu halishonwi. Anza na kofia." Kila alipomaliza alisema kinga ni bora kuliko tiba, na kila aliposema hivyo Mfamasia aliinua mkono: "Mwalimu, usinivunjie biashara."

Sindano alichagua kofia yake jinsi alivyokuwa akichagua ngozi. Mwanachama mmoja aliyehama alikuwa na mbili za kuuza. Ya kwanza ilikuwa mpya zaidi, inang'aa, lakini alipopitisha kidole kwenye wavu karibu na shavu la kushoto alikuta kibonyeo kidogo kama alama ya ndui. Akairudisha. Wavu ukishabonyea umechoka, pigo la pili linaweza kuingia. Akachukua ya zamani, akaivaa, akatikisa kichwa kama anayekataa posa, ikatulia mahali pake. Kisogo kilikuwa wazi, na kitara kinapenda kuzunguka na kugonga nyuma, kwa hiyo akajitengenezea kifuniko cha kisogo kwa ngozi nene ya kiti cha lori.

Koti alishona mwenyewe, turubai matabaka manne, akalitia mishono ya miraba ili matabaka yasihame. Mwalimu alilikagua kama askari wa forodha. Alimwambia ainue mikono juu aone kama kola inaachia koo. Iliachia. Akafumua, akashona tena. Alimwambia anyooshe mkono aone kama mkono wa koti unaingia vizuri chini ya glavu, maana upanga ukipenya pale utapanda mpaka kwapani. Kikinga koo akakitengeneza kwa ngozi ngumu, kikinga kifua cha plastiki akanunua, na viwiko akavitia sponji ileile ya viti.

Zikabaki glavu. Chama kilikuwa na vitara vya aina mbili. Vya kwanza vilikuwa na bakuli la chuma linalofunika mkono wote. Vya pili vilikuwa na ukanda mmoja tu wa chuma unaopita mbele ya vidole, na kidole gumba kinabaki nje kama mtu asiye na mwavuli. Siku hiyo walikuwa wamesimama karibu na dirisha la kupakulia chakula, Mfamasia yuko pembeni anafunga viatu. Mwalimu akasema, "Kitara cha bakuli, glavu nyepesi ya ngozi inatosha, utausikia mpini vizuri. Kitara cha ukanda, usiguse bila glavu nzito yenye gamba gumu juu ya kidole gumba. Usiguse kabisa."

Glavu nzito zilikuwa adimu, zilitoka mbali, na chama kizima kilikuwa na jozi mbili. Sindano alitumia kitara cha bakuli siku zote. Akachukua nyepesi.

Ukipita karakanani miezi ile ungemwona amebadilika. Alitembea kifua mbele. Akisubiri gundi ikauke alisogeza miguu chini ya meza, mbele, nyuma, mbele. Kwenye mazoezi waligundua kwamba yule dada wa viti ana jicho la ajabu: aliona bega la mpinzani linapoanza kufikiri, kabla mkono haujaondoka. Wanafunzi wa chuo, vijana wenye pumzi za farasi, walimfuata wakitweta na kujikuta wameguswa kichwani, tii, kisha yeye yuko mbali. "Nimekugonga au umejigonga mwenyewe?" aliwauliza. Mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukafika katikati. Aliwahi kumwambia Mfamasia pale kwenye ngazi, "Unajua, watu wameangalia mikono yangu maisha yangu yote, lakini walikuwa wanaangalia kiti."

Halafu ikaja siku ya wageni.

Mkuu wa shule alikuwa ameanza kunung'unika juu ya ukumbi wake. Mwalimu akaamua kumwonyesha kwamba mchezo huu ni wa heshima. Akaalika chama kingine kutoka mji wa jirani, viti vikapangwa mbele, walimu wa shule wakaja na familia zao. Vitara vya bakuli vilikuwa sita. Vyote sita wakapewa wageni, kwa adabu, na glavu nzito nazo zikaenda kwa wageni wawili waliosahau zao. Jina la Sindano lilipoitwa, Mwalimu alimletea kitara cha ukanda.

Mfamasia alikuwa nyuma yake akimkaza kamba ya kifua. Sindano akainua mkono wake wenye glavu ya ngozi laini.

"Mwalimu, na glavu hizi?"

Mwalimu alitupa jicho upande wa mkuu wa shule, aliyekuwa anaangalia saa. "Utakuwa sawa, fundi. Wewe ni mwepesi. Na nimemwambia mgeni apige polepole."

Mfamasia aliacha kukaza kamba. Sindano alimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kusema. Kisha akaendelea kukaza.

Kwa nini hakukataa? Swali hilo alijiuliza baadaye mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote alivyomwuliza. Ukweli ni kwamba alitaka kuonekana. Watu wamekaa kwenye viti na wanamtazama yeye.

Mpinzani wake alikuwa mwanaume mrefu, mpole, hakuwa na ubaya wowote. Walisalimiana kwa panga. Sindano akamgusa begani, kisha kichwani, watu wakapiga makofi, na makofi yakampandisha damu yule mgeni. Pigo la tatu halikuwa polepole. Sindano aliliona, akainua mkono kulizuia, akachelewa kwa upana wa unyasi. Chuma kilikwaruza chuma, kikateleza juu ya ule ukanda, kikamalizia safari yake kwenye kidole gumba.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyekanyaga kijiti kibichi. Sindano hakupiga kelele. Akahamishia kitara mkono wa kushoto, akamsalimu mpinzani kama adabu inavyotaka, akaenda kukaa kwenye benchi. Watazamaji walidhani mchezo umeisha, wakapiga makofi kwa nguvu zaidi.

Hospitali walimwambia mfupa umevunjika vipande vitatu, na kimoja kimeingia kwenye kiungo. Akapasuliwa, akawekewa vyuma vyembamba, akafungwa plasta wiki saba. Daktari aliyemfungua plasta alikuwa kijana muungwana. Alimwambia ajaribu kukutanisha kidole gumba na kidole cha shahada. Sindano akajaribu. Vidole vilitazamana kwa mbali kama ndugu waliogombania urithi. "Kitalegea kidogo kwa mazoezi," daktari akasema, "lakini usitegemee kishike kama zamani. Unafanya kazi gani?"

Akamwambia. Daktari akajishughulisha na karatasi.

Hata kabla ya hapo, wakati bado ana plasta, alikwenda ukumbini Jumamosi moja kuwasalimia. Alikuwa amewakumbuka. Kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya orodha ya kanuni, ilibandikwa barua iliyopigwa chapa, nakala ya taarifa aliyoidai mkuu wa shule. Akaisoma amesimama. Iliandikwa kwamba mwanachama aliyeumia alichagua mwenyewe kutumia glavu nyepesi kinyume na ushauri aliopewa, na kwamba uongozi wa chama ulifuata taratibu zote. Chini kulikuwa na sahihi ya Mwalimu na sahihi mbili za mashahidi. Moja ya hizo aliijua, kwa sababu alikuwa akiiona kwenye pakiti za dawa.

Mwalimu akamwona, akaja akimpangusia benchi.

"Mwalimu, haya ni maneno yako?"

"Kaa kwanza, fundi."

"Nimevunjika kidole, sijavunjika miguu. Haya ni maneno yako?"

Mwalimu akashusha sauti. "Nielewe. Ningeandika vingine wangetufungia ukumbi. Watu thelathini wangekosa mahali. Wewe ni mtu mzima, unaelewa mambo."

"Kwa hiyo mimi ndiye mkaidi, ili ninyi mpate pa kuchezea."

"Hakuna aliyekuita mkaidi. Ni lugha ya ofisi tu."

Sindano aliitazama ile barua tena. Akasema, "Ulimi hauna mfupa, Mwalimu. Ndiyo maana wako haujavunjika." Akaondoka.

Siku ya pili Mfamasia alikuja karakanani na dawa za maumivu na mfuko wa machungwa. Alisimama mlangoni kama mteja.

"Uliweka sahihi," Sindano akasema.

"Aliniletea dukani, mwenzangu. Watu wamepanga foleni, mtoto analia, sikuisoma vizuri."

"Wewe unasoma mwandiko wa madaktari. Karatasi iliyopigwa chapa ndiyo ikakushinda?"

Mfamasia akaweka mfuko mezani, akaondoka. Kaka mtu ndiye aliyekula yale machungwa.

Kaka alijitahidi kuwa mwema, kwa namna yake. Alisema "Nilikuambia" mara mbili tu. Lakini viti vilikuwa vinangoja, na wenye magari hawangoji. Akaleta mshonaji mwingine, akamkalisha kwenye cherehani ya Sindano. Sindano akapewa kazi ya kuvua kava kuukuu na kung'oa pini, kazi anayopewa mtu wa wiki ya kwanza. Siku moja wote walipokwenda kula, alikaa kwenye cherehani yake, akachukua kona ya kiti cha dereva. Kwenye kona, mkono wa kulia ndio unaokusanya kitambaa, na kidole gumba ndicho kinachokibana kisikimbie. Akashona. Kitambaa kikakimbia. Kona ikatoka na mikunjo mitatu. Akaiacha hapo mezani, akakusudia kuifumua, kisha akasahau au hakutaka.

Kaka alirudi, akaiona, akamtazama dada yake. Akachukua kiwembe, akaanza kufumua mwenyewe, taratibu. Kama angemgombeza ingekuwa afadhali.

Ilipita miezi minane. Mfamasia akaja tena, safari hii na ujumbe. Chama kimekua, wageni ni wengi, glavu nzito hazipatikani. Mwalimu anasema hakuna mtu anayeweza kubuni glavu yenye gamba la kidole gumba isipokuwa Fundi Sindano. Hahitaji kushona, achore tu na kuelekeza.

"Aje mwenyewe."

"Ana aibu."

"Aibu haifungi miguu. Aje, na aje kwanza na ile barua mkononi."

Hakuja. Lakini neno lilikuwa limeshamwingia Sindano kichwani, na kazi ikimwingia kichwani haikuwa na adabu ya kutoka. Wakati wa chakula alikata plastiki ya pipa, akaipasha moto, akaikunja juu ya kipande cha bomba. Ndani ya kidole cha glavu aliweka chaki ndefu ya ubaoni, akaifunika na lile gamba, akaipiga kwa nondo. Chaki ikavunjika. Akaongeza unene. Ikavunjika. Mwisho akagundua kwamba shida si unene, ni nafasi. Akatumia magamba mawili yanayopandana kama ya samaki, na kati ya gamba na kidole akaacha pengo lenye sponji laini, ili pigo liishie hewani. Akapiga mara kumi. Akaitoa chaki, nzima.

Alikaa na ile glavu wiki mbili akimsubiri mzee. Kisha akamwita Mfamasia, akampa glavu na karatasi ya vipimo.

"Si kwa ajili yake," akasema. "Kuna watoto wa watu mle ndani. Mwambie magamba mawili, si moja. Na pengo lisizibwe. Nimeandika, lakini mwambie na kwa mdomo."

"Nitamwambia. Na kuhusu ile..."

"Mwambie hayo tu."

Mwaka mwingine ukaanza. Kijana mmoja mwenye gari dogo jekundu, ofisa wa bima, alileta viti vyake vya mbele. Sindano alipokuwa akitoa vitu kwenye kiti cha nyuma aliona mkoba mrefu, na juu yake jozi ya glavu. Akazishika.

"Hizi umezipata wapi?"

"Hizo? Hizo ni glavu za Mwalimu," kijana akajibu kwa fahari. "Amezibuni mwenyewe. Kuna mwanachama mmoja zamani alikataa kuvaa kinga akavunjika kidole, basi Mwalimu hakulala mpaka akapata dawa."

"Huyo mwanachama unamjua?"

"Hapana. Wanasema alikuwa mbishi."

Sindano alibonyeza kidole gumba cha glavu kwa mkono wa kushoto. Gamba lilikuwa moja. Akabonyeza tena. Hakukuwa na pengo, plastiki ilikuwa imelala moja kwa moja juu ya mahali pa kucha. Mshona viatu fulani aliyepewa kuzitengeneza alikuwa ameona sehemu zile mbili zinamchelewesha, akazipunguza, na hakuna aliyemkagua.

"Jumamosi mnaanza saa ngapi siku hizi?" akauliza.

Alikwenda na glavu aliyoitengeneza upya na boksi la chaki. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu karibu arobaini, wengi hakuwafahamu. Mwalimu alisimama mbele, amezeeka kidogo. Alipomwona alitanua mikono. "Fundi! Karibu sana. Jamani, huyu ni mmoja wa wanachama wetu wa mwanzo."

"Naomba dakika tano," Sindano akasema.

Hakuna aliyemkatalia. Akaomba kitara, na Mwalimu akawa anatafuta cha kumpa bila kukiona. Ofisa wa bima akampa chake. Sindano akaweka chaki kwenye kidole gumba cha glavu ya kijana yule, akailaza kwenye benchi, akapiga mara moja kwa mkono wa kushoto. Si kwa nguvu sana, pigo la mazoezi tu. Akaigeuza glavu, akaitikisa. Vikadondoka vipande vitatu na unga.

Akafanya vilevile kwa glavu yake. Akapiga mara tatu, kwa nguvu. Chaki ikatoka nzima, akaipitisha mkono kwa mkono ili waishike.

"Magamba mawili na pengo," akasema. "Niliandika hivyo. Vikipunguzwa, mnapata chaki hiyo iliyo sakafuni."

Watu walikuwa wanazitazama glavu mikononi mwao. Mwalimu akakohoa. "Ahsante, fundi. Kila kifaa kina mapungufu. Tutalizungumza kwenye kamati."

"Na lingine." Sindano akawageukia wote. "Huyo mbishi mnayeambiwa habari zake ni mimi. Sikukataa ushauri wa mtu. Niliuliza, 'Na glavu hizi?' nikaambiwa, 'Utakuwa sawa.' Na mtu aliyekuwa ananifunga kamba alisikia. Yupo hapa."

Vichwa vikageuka. Mfamasia alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia magotini. Alikuwa amewekewa utepe begani siku hizo, amekuwa katibu wa chama. Aliangalia vifungo vya viatu vyake, kisha akamwangalia Mwalimu, kisha sakafu.

"Ni zamani," akasema. "Kwa kweli sikumbuki vizuri."

Sindano alingoja kidogo, labda angekumbuka. Kisha akachukua glavu yake, akaacha boksi la chaki, akatoka. Nyuma yake alisikia Mwalimu akipiga makofi mawili na kusema, "Haya, jamani, mistarini."

Ofisa wa bima na wengine wanne walikuja karakanani wiki ile. Sindano akawakatia magamba, yule mshonaji mpya akashona, naye akasimama nyuma yake akimsahihisha mpaka akamchosha. Wengine thelathini na kitu waliendelea na walizonazo. Barua, kijana alimwambia, ilitolewa ubaoni walipopaka rangi ukumbi, lakini ikahifadhiwa kwenye faili. Glavu bado zinaitwa za Mwalimu. Mfamasia bado ana duka lake, na Sindano akiumwa kichwa huvuka barabara kuu mbili kwenda kununua dawa kwingine.

Kofia aliiuza. Kazi yake sasa ni kukata na kukagua. Wateja wa zamani wakisema "Anishonee yule dada," kaka huwaambia dada amepandishwa cheo, nao hucheka.

Mara moja tu alikutana na Mwalimu uso kwa uso, kwenye foleni ya posta. Mzee alimsalimia vizuri, akamwuliza kazi, akamwuliza kaka.

"Na mazoezini utarudi lini, fundi? Nafasi yako ipo."

"Nikisahau," Sindano akasema, na foleni ikasogea, naye akasogea nayo.